Urea kilo nne kila mti, majani meusi ti, chungwa ganda tupu: jibu kwa msomaji wa Muheza

Swali: "Asalaam aleikum mtaalamu. Niko Muheza, nina miti 60 ya machungwa Valencia aliyoacha marehemu baba, ina kama miaka kumi na mbili hivi. Tangu nianze kupata mbolea ya ruzuku naweka urea kilo mbili kila mti masika na kilo mbili vuli, naimwaga pale shinani. Majani yamekuwa kijani mpaka meusi, shamba linapendeza, lakini chungwa lina ganda nene lenye mikwaruzo, ndani maji kidogo na uchachu, na mnunuzi wa Mombasa safari hii kakata mawili matatu kaondoka zake. Alafu kuna miti mitano kule bondeni majani yake machanga ni madogo na ya njano, nimeiongezea urea lakini wapi. Niongeze mbolea gani? Na haya ya kijani yaliyopo mtini niyauze au nisubiri yageuke rangi?"

Waaleikum salaam dada yangu. Pole kwa kukimbiwa na mnunuzi, najua yule mtu akishakata la tatu akafuta kisu bila kusema neno basi hapo hakuna biashara tena. Umeuliza uongeze mbolea gani, jibu langu ni kwamba mwaka huu usiongeze urea hata kijiko, na ntakueleza kwa nini, ila itabidi univumilie maana jambo lenyewe lina mizunguko yake na kwenye swali lako kuna maswali matatu yamefungwa pamoja.

Tuanze na hesabu kwanza. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, iliyobaki sio naitrojeni. Wewe kila mti unaupa urea kilo nne kwa mwaka, hiyo ni naitrojeni kilo 1 na gramu 840. Mchungwa mkubwa unaozaa vizuri unatosheka na naitrojeni gramu 400 mpaka 500 kwa mwaka mzima, yaani urea kama kilo moja tu, tena igawanywe. Kwa hiyo unaupa mara nne ya mahitaji yake! Miti 60 mara kilo nne ni kilo 240, karibu mifuko mitano, wakati mfuko mmoja na kidogo juu ungetosha. Ruzuku ni kitu kizuri sana lakini bei ikishuka watu tunamimina, nimeliona hilo kwenye mahindi na sasa naliona kwenye machungwa.

Ukitaka kuhakikisha angalia kinachotoka shambani. Tani moja ya machungwa inaondoka na naitrojeni kama kilo moja na nusu hivi. Mti ukikupa machungwa 500, na tuseme kila moja lina gramu 200, hiyo ni kilo 100, maana yake yaliyopakiwa kwenye lori yameondoka na naitrojeni gramu 150 hivi. Ongeza ya kujenga majani mapya na mizizi, ongeza na inayopotea njiani, ndo unafika kwenye zile gramu 400 na kitu. Sasa hiyo nyingine yote uliyoweka imekwenda wapi? Sehemu imepaa hewani, maana urea ikiachwa juu ya udongo kwenye joto letu hili inageuka amonia na inaondoka, ile harufu kali ya kuchoma pua unayoisikia siku ya pili ndo pesa yako hiyo. Sehemu imesombwa na masika ikaenda bondeni. Na sehemu imeingia kwenye mti, na hapo ndo tunafika kwenye chungwa lako.

Naitrojeni ndiyo inayotengeneza ule ukijani wa jani na ndiyo inayosukuma machipukizi. Mti ukiwa na njaa nayo majani yanakuwa madogo, membamba, kijani iliyopauka, kichwa cha mti kinakuwa wazi unaona mbingu katikati ya matawi, maua machache, na machungwa machache. Ukiupa mpaka ukafika kwenye kiasi chake unaona faida wazi, mavuno yanapanda, maji ndani ya tunda yanaongezeka na sukari nayo inapanda. Hapa watu wengi ndo wanapotelea, maana wameona kidogo kimeleta faida wanadhani kikizidi faida itazidi. Haiendi hivyo. Ukishapita kiasi mavuno yanagoma kupanda, mti unaamua kukua badala ya kuzaa vizuri, na nguvu inakwenda kwenye majani na matawi marefu yale yanayosimama wima katikati ya mti, yenye miiba mikubwa na majani mapana kama kiganja. Nina hakika unayo, nenda kaangalie.

Kwenye tunda lenyewe naitrojeni ikizidi inafanya mambo haya: ganda linanenepa na kuwa na mikwaruzo, uchachu unaongezeka kidogo, tunda linachelewa kukomaa, na ukijani wa ganda unang'ang'ania. Matunda nayo huwa na tabia ya kuwa madogo madogo. Chukua moja ulikate katikati kwa upana, sio kwa kufuata kikonyo. Utaona nje kuna ule utando wa kijani wenye vitundu vya mafuta, ndani yake kuna sehemu nyeupe ya sponji, alafu ndo vyumba vya maji. Hiyo nyeupe ndo inayokula nafasi. Hata likitokea moja kubwa la kuvutia kabisa kwa nje, sponji imechukua sehemu, kwa hiyo maji yanakuwa machache ukilinganisha na ukubwa wake, na mkononi unalihisi jepesi. Wale vijana wa matoroli pale mjini Tanga wanaomenya ile ngozi ya kijani kwa kisu wakabakisha nyeupe, kisha wanalikata kichwa mteja anafyonza, wao ndo wa kwanza kulilalamikia chungwa la namna hii, mteja anafyonza mara mbili linaisha anadai la pili la bure.

Na shida ya biashara yetu ni kwamba machungwa tunauza kwa idadi au kwa tenga, hatuuzi kwa maji, kwa hiyo mkulima haoni hasara mpaka siku mnunuzi anapotoa kisu. Ndo yaliyokukuta.

Sasa nisikudanganye kwamba kila ganda nene ni urea. Miti michanga inayoanza kuzaa huwa na ganda nene na ni kawaida, inatulia yenyewe ikikua, ila yako ya miaka kumi na mbili hiyo sababu haipo. Kiangazi kirefu nacho kinachangia. Na kuna la tatu ambalo wengi hawalifikirii: mti ulibebeshwa juu ya nini? Kama mche ulibebeshwa juu ya mlimau wenye ganda la mikwaruzo, basi huo mlimau una tabia ya kusukuma mti kwa nguvu, kuvumilia ukame, na kukupa matunda makubwa yenye ganda nene kidogo na sukari pungufu ukilinganisha na miti iliyobebeshwa juu ya aina nyingine. Huwezi kubadilisha sasa, lakini ujue mti wa namna hiyo tayari una mwelekeo huo, wewe ukiuongezea urea mara nne unausukuma kule kule ulikokuwa unaelekea. Alafu uangalie chini ya pale palipoungwa, kama kuna machipukizi yametoka kwenye mlimau yakate yote, yanakula bure.

Jambo jingine ni potashi. Mchungwa unaondoa potashi nyingi shambani kuliko naitrojeni, na huo udongo mwekundu wa Muheza mvua imeshausuuza miaka na miaka. Wewe hujataja potashi hata mara moja, naitrojeni tu, naitrojeni tu. Potashi ikipungua tunda linakuwa dogo na ganda linakuwa jembamba mpaka linapasuka mtini, nayo ikizidi inanenepesha ganda na kuongeza uchachu, kwa hiyo nayo sio ya kumwaga. Kwa mti wako nusu kilo ya MOP, yaani mbolea ya potashi ya dukani, kwa mwaka inatosha kurudisha kinachoondoka, hiyo mbolea ina potashi asilimia 60. Au kama una jivu la jikoni la kuni tumia hilo, lina potashi na linapunguza tindikali ya udongo, ila usilichanganye na urea siku moja, jivu linaifukuza amonia hewani upesi zaidi. Acha wiki kadhaa katikati.

Na hii tindikali naomba usiipite haraka. Urea inapogeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa chakula cha mmea inaacha tindikali nyuma yake, na SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia, ndo mbaya zaidi kwa hilo. Udongo mwekundu wa kwenu una tindikali tangu mwanzo, miaka kadhaa ya urea kilo nne shinani utakuta chini ya mti pale pH, yaani kipimo cha tindikali, imeshuka kuliko katikati ya mistari, na ikishuka ndo tindikali imezidi. Mizizi inadumaa, na fosforasi, magnesi na kalsiamu zinakuwa shida kupatikana. Wenzako wa ukanda wa pwani kabisa kwenye mawe ya matumbawe wana tatizo la kinyume, wao udongo una chokaa nyingi na wanakosa chuma na zinki, kwa hiyo ushauri wangu kwako usimpelekee shemeji yako wa kule akautumia kama ulivyo. Wewe chokaa ya kilimo itakusaidia, ila pima kwanza. Tena una bahati, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko hapo hapo wilayani kwako na kazi yao kubwa ni udongo. Wapelekee udongo wa chini ya mti na wa katikati ya mistari kwenye mifuko tofauti, uulizie na kama wanapima majani.

Kama majani yatapimwa usichume tu popote. Chuma ya umri wa miezi minne mpaka sita, kwenye tawi ambalo halina tunda mwishoni, kutoka miti kama 20 pande zote za mti, yafike 100 hivi, na miti ya bondeni iwe na mfuko wake peke yake. Kwa mchungwa jani likiwa na naitrojeni asilimia 2.5 mpaka 2.7 liko pazuri, chini ya 2.2 lina njaa, likipita 3 limezidishiwa. Mimi ntashangaa sana yako yakirudi chini ya 3.

Twende bondeni sasa. Dada, hii miti mitano haina njaa ya naitrojeni, na ushahidi umeuandika mwenyewe: majani MACHANGA. Naitrojeni ndani ya mti inahama. Mti ukikosa unainyonya kutoka majani ya zamani unaipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo njaa ya naitrojeni inaanzia majani ya zamani ya chini na ya ndani, yanakuwa njano jani zima kwa usawa, mshipa na nyama vyote, kisha yanadondoka. Hata kwenye mti wenye afya utaona hivyo kidogo baada ya kuchanua, usiogope. Lakini zinki, chuma na manganizi hazihami kirahisi, zikikosekana ni machipukizi mapya yanayolia. Shika jani changa lililofunguka, liinue kwenye mwanga wa jua. Kama mishipa ni kijani na katikati ya mishipa kuna mabaka ya njano, jani ni dogo, jembamba, limechongoka na majani yamesongamana kwenye kijiti kifupi, hiyo ni zinki. Kama jani lina ukubwa wa kawaida ila limepauka karibu jeupe na mishipa myembamba tu ndo ya kijani, hicho ni chuma. Ukiona majani ya zamani yana njano pembeni na kitako cha jani karibu na kikonyo kimebaki kijani chenye umbo la pembetatu, hiyo ni magnesi.

Kwa maelezo yako naona zinki, na kinachoniuma ni kwamba urea nyingi inaongeza upungufu wa zinki, maana unaulazimisha mti utoe majani mengi kuliko zinki iliyopo. Kwa hiyo kila ulipoiongezea urea ndo ulikuwa unauzidisha huo upungufu. Dawa ni kupuliza zinki salfeti kwenye majani wakati machipukizi mapya yamefunguka kiasi cha theluthi mbili: gramu 100 kwenye lita 20 za maji, pamoja na gramu 50 za chokaa uliyoiloweka na kuichuja vizuri, bila chokaa inaweza kuunguza. Jaribu tawi moja moja kwanza, subiri siku chache, kisha puliza miti yote mitano asubuhi mapema.

Kabla ya hapo lakini chimba kidogo pembeni ya mti mmoja wa bondeni uone. Maji yakituama mizizi inaoza, na mti uliooza mizizi unaonyesha njano za kila aina. Ukikuta mizizi midogo ganda lake linachubuka ukivuta linabaki mkononi, na inanuka, basi mifereji kwanza, zinki baadaye. Na kuna jambo la tatu nalitaja tu kwa tahadhari: ukiona mabaka ya njano yasiyofanana kushoto na kulia kwa mshipa wa kati, na matunda madogo yaliyopinda upande mmoja, muite afisa ugani aje aangalie, kuna ugonjwa unaoenezwa na mdudu mdogo wa machipukizi na hauponi kwa mbolea yoyote. Hapo pia urea inaingia, maana machipukizi laini yanayotoka mfululizo ndo chakula cha huyo mdudu, na cha vidukari, na cha yule anayechimba vijinjia vya rangi ya fedha ndani ya jani changa. Kama una majimoto kwenye miti, wale chungu wekundu wa mitini, usiwaue jamani, najua wanauma wakati wa kuchuma, lakini wanakulindia.

Majani nayo usiyapulizie urea ya mfuko. Kuna watu wanashauriana kuyeyusha urea na kupuliza wakati wa maua, lakini urea ya kawaida ya shambani ina kitu kinaitwa biyureti kinachobaki kutokana na utengenezaji wake, na mchungwa ni mwepesi kudhurika nacho, ncha za majani zinageuka njano na hazirudi tena. Kuna urea maalum yenye biyureti kidogo, kwenye duka la kawaida la pembejeo huipati.

Basi utaratibu wako uwe hivi. Vuli inayokuja ruka kabisa, hakuna urea, wala mbolea ya kuku, maana hiyo ya kuku nayo ina naitrojeni nyingi watu wanasahau kuihesabu. Weka samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza madebe mawili kila mti pamoja na ile potashi. Masika ya mwakani uangalie majani, yakianza kurudi kwenye kijani ya kawaida anza na nusu kilo ya urea mvua zikishatulia, na nusu nyingine vuli. Miti ya bondeni na ile dhaifu isubiri mpaka ipone. Usiweke shinani, mizizi inayokula haipo pale, na kilo mbili za urea kwenye kishina zinaunguza. Tembea mpaka kivuli cha mti kinapoishia saa sita mchana, pale ndo penye mizizi midogo, zungusha kijifereji kidogo cha inchi mbili tatu, mwaga, fukia. Weka udongo ukiwa na unyevu, sio siku ya mvua ya kumwaga wala siku ya vumbi. Ukikaribia kuvuna kaa mbali na urea kabisa, ikiingia tunda likiwa kubwa ndo inalirudishia ukijani na kulichelewesha. Usitegemee msimu ujao tu ganda litakuwa jembamba, mti umejiwekea akiba kwenye majani na matawi, utaona mabadiliko taratibu.

Na swali lako la mwisho: usisubiri yageuke rangi. Ganda la chungwa linapoteza ukijani pale usiku unapokuwa wa baridi, chini ya nyuzi 13 hivi, na Muheza baridi hiyo huipati hata Julai. Ndo maana machungwa ya pwani yanaiva yakiwa kijani na hilo sio kosa lako wala la urea peke yake. Yale ya njano nzuri kwenye picha yanatoka nchi zenye baridi, au yamewekwa kwenye gesi ya ethilini yabadilike rangi. Lakini usichume mapema ukidhani yataivia guniani, chungwa halifanyi hivyo, likishakatwa mtini sukari yake imesimama pale pale. Kila baada ya siku chache kata moja kutoka miti mitatu minne tofauti, la upande wa jua na la ndani, onja. Uchachu ukishuka ukaliweza bila kukunja uso, vuna ile miti iliyofika kwanza na uiache iliyobaki, ila usikawie sana maana likikaa mno kwenye joto hili maji yanakauka ndani na inzi wa matunda anakuwahi. Kwa mzigo wa mwaka huu wenye ganda nene mtafute mnunuzi wa masafa marefu, ganda hilo angalau linavumilia kubanwa kwenye lori, na umwambie ukweli kabla hajatoa kisu.